HASIRA INA LUGHA NYINGI

Somo la wiki hii, kwa ibada ya nyumbani na vikundi vya seli

Maandiko ya kusoma kabla ya kuanza: 1 Samweli 25:2-35, Matendo 6:1-7, Waefeso 4:26-32
Mstari wa kushika moyoni: Yakobo 1:19. Fungua Biblia yako uusome kwa sauti mara tatu, kila mtu kwa lugha yake ya nyumbani.

UTANGULIZI



Wiki hii tunaongea juu ya jambo ambalo hakuna mtu anahitaji kufundishwa kulianza. Mtoto mchanga akicheleweshewa maziwa analianza. Mzee wa miaka themanini akikatizwa maneno analianza. Na mtu akikanyagwa kiatu kwa matatu ya kwenda Meru, hata kama ametoka ibadani saa hiyo hiyo, analianza. Ni hasira.

Tukisikia mahubiri juu ya hasira, wengi wetu tunafikiria ile kubwa ya panga na bunduki. Leo tuanze na ile ndogo ya kila siku. Ile ya mtungi uliosukumwa nyuma kwenye foleni ya maji. Ya mchango wa chama ambao haujalipwa. Ya mbuzi wa jirani aliyemaliza sukuma wiki yako. Ya shemeji aliyepita bila kusalimia. Ya ujumbe uliosomwa kwa simu na haukujibiwa. Ile kubwa haizaliwi ikiwa kubwa, mpendwa. Inalelewa.

Mwanasaikolojia mmoja wa Marekani, James Averill, alichapisha mwaka 1982 kitabu juu ya hasira. Aliwauliza watu wa kawaida waeleze ni nani aliwakasirisha na kwa nini. Majibu yalionyesha kwamba mara nyingi mtu tunayemkasirikia si adui wala mgeni. Ni mtu tunayemjua, na mara nyingi tunampenda. Kwa hivyo usishangae hasira yako nyingi ikiwa ni ya nyumbani na kanisani. Hapo ndipo watu wako walipo.

Na hapa kwetu Isiolo kuna jambo la ziada. Kwenye benchi moja anaketi Mturkana, Mmeru, Msamburu, Mborana, Mkikuyu na Mkamba. Nje ya mlango wa kanisa, jirani yetu ni Msomali, mwenye duka ni Msakuye, fundi ni Mluhya. Tuna Bwana mmoja na ubatizo mmoja, lakini hatukulelewa kukasirika kwa namna moja. Tusipojua hilo, tutaitana wabaya pale ambapo hatujaelewana tu. Na katika mji huu, kutoelewana kumewahi kugharimu damu.

1. KILA NYUMBA HUFUNDISHA WATOTO WAKE NAMNA YA KUKASIRIKA

Hasira yenyewe ni ya wanadamu wote. Lakini ni lini uionyeshe, kwa nani, kwa sauti gani, na ikiisha ufanye nini, hayo tunafundishwa. Tunayoyasema hapa si kipimo cha kumpimia mtu. Kuna Msamburu mwenye kelele na kuna Mkikuyu mpole. Tunasema juu ya malezi, si juu ya damu.

Kwa ndugu zetu Wasamburu kuna neno nkanyit. Ni heshima iliyochanganyika na kuona haya, na mtoto analipata mapema. Kupayuka mbele ya mzee ni aibu. Mwingereza Paul Spencer, aliyeandika kitabu juu ya Wasamburu mwaka 1965, alieleza vile moran akizidiwa moyoni anaweza kutetemeka mwili mzima, na wenzake wanamshika mpaka atulie asije akajiumiza au kuumiza mtu. Naye mzee akikasirika, silaha yake kubwa si rungu. Ni laana, nayo inaogopwa. Kumbuka pia kwamba mzee huyo huyo akikubariki anaweza kukutemea mate kidogo. Asiyejua atataka kupigana kwa sababu amebarikiwa!

Kwa Waborana, neno ni nagaa, yaani amani. Ndilo linalofungua salamu, na ndilo linalojaa katika maombi ya wazee. Amani ya jamii ni kama paa la nyumba: kila mtu ana jukumu asilitoboe. Mtu aliyelelewa hivyo anaweza kuwa ameumia sana na salamu yake bado ikatoka sawasawa. Wewe utafikiri mambo yameisha, kumbe hata hayajaanza kusemwa.

Kwa Wasomali kuna xeer, sheria ya mila, na ndani yake kuna mag, malipo ya damu. Kijana akimuua au kumjeruhi mtu, halipi peke yake. Ndugu zake wa upande wa baba wanachanga. Hasira ya mmoja inatoa ngamia kwenye zizi la watu ambao hata hawakuwepo. Ndiyo maana wazee wana sababu nzuri ya kumshika mwenye kichwa moto mapema.

Kwa Wameru, wazee wa Njuri Ncheke hadi leo wanasikiliza mizozo ya mashamba na ya familia. Pale mwenye uchungu anapewa nafasi asimame aseme, na yule mwingine asikilize zamu yake ifike.

Ukishuka pwani, Mombasa, Lamu au Unguja, mambo ni mengine kabisa. Mwanamke aliyekasirishwa na jirani si lazima afungue mdomo. Atanunua kanga yenye maneno yanayomhusu yule jirani, ajifunge, apite mbele ya mlango wake polepole kama mtu anayeenda dukani. Ujumbe umefika! Na kule bara ya Tanzania yako makabila yenye utani kati yao: mtani anaweza kukuambia neno ambalo likisemwa na mtu mwingine lingeleta vita, nawe unacheka, kwa sababu mila imeliondoa sumu mapema.

Na mbali zaidi? Mwanamke mmoja Mmarekani, Jean Briggs, aliishi miaka ya 1960 na kundi dogo la Wainuit kaskazini mwa Kanada, kwenye barafu. Kwa watu wale, kukasirika ni jambo la watoto wadogo. Mtu mzima anategemewa awe mtulivu. Siku moja wageni wazungu waliokuja kuvua samaki waliharibu mtumbwi wa wenyeji. Jean akawaka, akawasema wale wageni kwa hasira, akijua anawatetea wenyeji wake. Unajua kilichotokea? Wenyeji ndio walimkimbia yeye. Hawakumtukana wala kumfukuza. Walimwepuka kwa upole kwa miezi kadhaa. Kwao, mtu anayelipuka hata kwa sababu nzuri ni mtu wa kuogopwa. Kitabu chake cha mwaka 1970 kinaitwa Never in Anger, yaani kamwe si kwa hasira.

Sasa linganisha na kisiwa cha Ifaluk, katika bahari ya Pasifiki, alikokaa mtafiti Catherine Lutz. Kule kuna hasira inayoitwa song. Si ya mtu kukosewa heshima tu. Ni ya mtu kuona haki imevunjwa: kwa mfano mtu amepata chakula na hakugawia wenzake. Hasira hiyo hawaionei haya. Wanategemea mkosaji akiisikia aogope, ajirekebishe, na jamii iendelee.

Umeona? Kwingine hasira ni utoto, kwingine ni wajibu. Kwingine inapigiwa kelele, kwingine inavaliwa kiunoni.

Turudi kanisani. Fikiria kwaya yoyote. Dada mmoja ametoka nyumba ambayo kila kitu husemwa hapo hapo, kwa sauti, halafu chai inamiminwa na watu wanacheka. Mwenzake ametoka nyumba ambayo sauti ikipanda, ujue kuna mtu ataumizwa. Siku ya mazoezi yule wa kwanza anasema kwa nguvu, "Lakini kwa nini unachelewa kila wiki?" Kwake yeye, ameshamaliza. Yule wa pili ananyamaza, anatabasamu, na Jumapili hayupo. Wa kwanza anasema, "Huyo ni mnafiki, si angesema?" Wa pili anasema, "Huyo hajaokoka, mtu aliyeokoka hapigi kelele hivyo." Wote wawili wamekosea. Mmoja alihesabu kimya kuwa unafiki, mwingine alihesabu sauti kuwa dhambi.

Kila malezi yana zawadi yake na ugonjwa wake. Wenye kusema waziwazi wana zawadi ya ukweli, na jambo kwao halilali. Ugonjwa wao ni kujeruhi watu na kusahau kabla kidonda hakijakauka. Wenye kunyamaza wana zawadi ya utulivu, na wameokoa nyumba nyingi. Ugonjwa wao ni kinyongo. Biblia inagusa pande zote mbili. Mithali 29:11 inamwita mpumbavu yule anayemwaga yote yaliyo ndani yake. Lakini Walawi 19:17-18 inamkataza yule mwingine asimchukie ndugu yake kimoyomoyo. Inamwambia amwendee amseme, asije akabeba dhambi. Kwa hivyo usijisifu kwa kelele wala usijisifu kwa kimya. Zote zinahitaji kuokolewa.

2. NENO LENYEWE LINATUFUNDISHA

Waulize ndugu wanaojua Kiborana. Moshi ni aara. Hasira ni aarii. Maneno haya ni majirani. Na moshi ukijaa nyumbani, haumalizwi kwa kupungiwa mkono. Unauliza: kuni mbichi iko wapi?

Katika Kiebrania, lugha ya Agano la Kale, neno af ni pua, na neno hilo hilo ni hasira. Mtu akiwaka, pua inapanuka na pumzi inakuwa moto. Sasa soma Kutoka 34:6, pale Mungu anapojitambulisha kwa Musa. Biblia zetu zinatuambia kwamba si mwepesi wa hasira. Lugha ya asili inasema kitu kama "mrefu wa pua". Yaani hasira ya Mungu ina safari ndefu kabla ya kufika. Si kwamba haipo. Ina njia ndefu ya kupita, na katika njia hiyo amepanga nafasi ya wewe kutubu. Agano Jipya linafuata njia hiyo hiyo: katika Wagalatia 5:22, tunda la Roho tunaloliita uvumilivu, kwa Kigiriki linabeba wazo la mtu ambaye hasira yake iko mbali.

Na Kiswahili chetu? Neno kinyongo limetoka kwa nyongo, ile maji chungu iliyo kando ya ini. Kila mtu aliyechinja mbuzi anajua: ukiipasua nyongo, nyama yote inakuwa chungu. Nyongo moja ndogo, mbuzi mzima. Na neno hasira tulilichukua kutoka Kiarabu, kwa neno lenye maana ya huzuni na majuto. Lishike hilo, maana linatupeleka kwenye sehemu inayofuata.

3. CHINI YA HASIRA MARA NYINGI KUNA MSIBA

Katika milima ya kisiwa cha Luzon, nchi ya Ufilipino, kuna jamii ya Wailongot. Zamani walikuwa na desturi ya kwenda kuua watu wa mbali na kuwakata vichwa. Mtafiti Renato Rosaldo na mkewe Michelle waliishi nao. Renato alipouliza kwa nini walifanya hivyo, mzee alimjibu kwamba ukifiwa, uchungu wa msiba unaleta ghadhabu, na mtu anatafuta mahali pa kuitupa. Renato aliona jibu hilo ni jepesi mno. Kwa miaka akatafuta jibu lingine la kitaalamu. Halafu mwaka 1981 Michelle aliteleza kwenye mteremko mkali kule kule Ufilipino, akaanguka, akafa. Renato alipoufikia mwili wa mkewe, alijikuta amejaa ghadhabu pamoja na machozi. Baadaye aliandika kwamba siku hiyo ndipo alianza kumwelewa yule mzee.

Wapendwa, sisi tunahitaji kwenda Ufilipino kwa nini? Kuanzia mwisho wa 2020 mpaka mwisho wa 2022, mvua ilikosa misimu mitano mfululizo katika nchi yetu kavu. Kenya ilipoteza zaidi ya mifugo milioni mbili. Kuna baba aliyekuwa na ng'ombe, watu wakimwita mzee na kumpisha kiti, na leo anangoja kibarua mjini. Jioni mtoto anamwaga chai, naye anawaka kama petroli. Mke anasema, "Huyu mtu amekuwa mkali, simwelewi." Hasira ile si ya chai. Ni msiba ambao haujawahi kuliliwa. Hakuna aliyekuja kumpa pole kwa ng'ombe, kwa sababu kwa ng'ombe hatuweki matanga.

Angalia vile Mungu anamwendea mtu mwenye hasira. Kaini uso wake umekunjamana (Mwanzo 4:5-7), Mungu anamuuliza kwa nini amekasirika. Yona amekaa nje ya Ninawi amenuna (Yona 4:4), Mungu anamuuliza kama hasira yake ni ya haki. Yeye anayejua yote anaanza na swali! Sisi tusiojua chochote tunaanza na hukumu.

Na mwangalie Bwana Yesu katika Marko 3:5. Yuko sinagogi, mbele yake kuna mtu mwenye mkono uliopooza, na viongozi wa dini wanangoja tu kuona kama atavunja Sabato. Marko anaandika kwamba Yesu aliwatazama kwa hasira, na katika sentensi hiyo hiyo anaandika kwamba alihuzunika. Hasira na huzuni zikiwa pamoja ndani ya moyo usio na dhambi. Na hasira ile ilifanya nini? Iliponya mkono wa mtu. Hicho ndicho kipimo: hasira ya Mungu ikipita, mtu anapona. Hasira yako ilipopita wiki jana, nani alipona?

4. DAUDI NA NABALI: KUTOKA "WEWE" HADI "NYINYI"

Sasa fungua 1 Samweli 25. Hii habari ni kama imeandikwa kwa watu wa Isiolo. Kuna tajiri mwenye kondoo elfu tatu na mbuzi elfu moja. Kuna vijana walio porini, wakiongozwa na Daudi, ambao wamelinda wachungaji wake wasipoteze hata mnyama mmoja. Wakati wa kukata manyoya umefika, ni sikukuu, na kwa desturi mlinzi anapata sehemu yake. Daudi anatuma vijana kumi na salamu za amani. Nabali anajibu kwa matusi. Anauliza huyo Daudi ni nani, mtoto wa nani, akimfananisha na watumwa waliotoroka mabwana zao.

Mpaka hapo, Daudi ana haki ya kukasirika. Watu wa Ifaluk wangesema ana song. Amedhulumiwa na amedharauliwa. Lakini angalia kinachofuata. Anawaambia wanaume wajifunge panga. Mia nne wanatoka. Na anaapa kwamba mpaka kupambazuke hatabakisha mwanamume hata mmoja wa nyumba ile.

Ngoja kidogo. Nani alimtukana? Nabali. Mtu mmoja. Na wale wachungaji waliokaa na Daudi vizuri porini wamemkosea nini? Hakuna kitu. Wao wenyewe walimsifu mbele ya Abigaili. Lakini hasira imehama. Imetoka kwa "wewe Nabali" imefika kwa "nyinyi wote wa nyumba ya Nabali".

Mpendwa, hapo ndipo mpaka ulipo. Hasira ikisema "wewe umenikosea," bado inaweza kutibiwa. Siku inasema "nyinyi watu ndivyo mlivyo," imeanza kutafuta damu. Simeoni na Lawi walifanya hivyo Shekemu: kosa la mmoja, wakaua wanaume wa mji mzima, na baba yao Yakobo hata akiwa anakufa hakuisahau ghadhabu ile (Mwanzo 34, 49:5-7).

Sisi tunaikumbuka njia hiyo. Mwishoni mwa 2011 na mwanzo wa 2012, mapigano ya jamii kwa jamii yaliutikisa mji huu na vijiji vyake. Watu waliuawa na familia nyingi zikahama nyumba zao. Kila mara jamii zetu zinapopigana, orodha ya sababu ni ndefu: malisho, maji, mifugo iliyoibiwa, mipaka, siasa. Lakini katika kila sababu kuna mahali ambapo mtu mmoja aliyejulikana kwa jina aliacha kuwa yeye, akawa "wale". Jirani uliyemkopesha chumvi akawa kabila.

Wazee wa jamii zetu waliliona hilo. Katika Azimio la Modogashe la mwaka 2001, wazee na viongozi wa kaskazini walikubaliana juu ya malisho, mifugo inayoibiwa na malipo ya aliyeumizwa, ili kosa liwe na bei inayojulikana na mahali pa kupelekwa, lisije likalipwa kwa mtu yeyote anayepatikana njiani. Serikali na wazee wana kazi yao. Lakini ulimi wako hauna mzee wa kuuchunga ila wewe na Roho Mtakatifu.

Sasa mtazame Abigaili. Hakungoja. Alipakia punda mikate mia mbili, mvinyo, kondoo watano waliotayarishwa, bisi, zabibu na tini, akaenda kukutana na watu mia nne wenye panga. Hakumwambia Daudi kwamba hana haki ya kukasirika. Hakumtetea Nabali. Alileta chakula kilichokuwa kimenyimwa, yaani alirekebisha kosa lenyewe. Kisha akamkumbusha Daudi yeye ni nani mbele za Mungu, na vile kesho yake atajuta akimwaga damu bure. Alimpa nafasi ya kurudi nyumbani bila aibu. Na Daudi, mtu wa vita, akambariki mwanamke aliyemzuia.

Paulo katika Waefeso 4:26 anaiwekea hasira saa: machweo. Jua likizama lisiikute. Daudi alikuwa ameipa saa nyingine, mapambazuko, nayo ilikuwa saa ya kuua. Wewe umeipa hasira yako saa gani?

5. KANISA LA KWANZA LILIFANYA NINI

Kuna mtu atasema, "Sawa, basi katika kanisa tusilalamike, tuombe tu." Soma Matendo 6. Roho ameshashuka, watu wameongezeka, na ndani ya kanisa hilo lenye moto kunatokea manung'uniko ya lugha. Wayahudi wa Kigiriki wanasema wajane wao wanasahaulika katika kugawa chakula, wa Kiebrania wanapata.

Mitume hawakusema, "Nyinyi Wagiriki ni watu wa kulalamika." Hawakusema pia, "Hilo ni pepo la ukabila, likemeeni," halafu wakaendelea kugawa vilevile. Waliita mkutano na kusikiliza. Wakaweka watu saba wenye sifa nzuri na Roho Mtakatifu wasimamie kazi ile. Na ukisoma majina ya wale saba, yote ni ya Kigiriki. Kanisa liliwapa usimamizi watu wa upande uliosahaulika! Na mstari wa 7 unasema neno la Mungu likazidi kuenea.

Hii inatufundisha kwamba kuna hasira ambayo ni habari. Inaleta ripoti ya mahali pasipo haki. Ukiinyamazisha bila kuisikia, umeizika ikiwa hai. Mkigawa nafasi za uongozi, misaada ya ukame, hata sahani za sikukuu, na upande mmoja unanuna, msikimbilie kukemea. Hesabuni kwanza sahani.

6. JAMBO MOJA LISICHANGANYWE

Tumesema tujifunze namna watu wanavyolelewa. Hilo si ruhusa ya kuumiza. Mume akimpiga mke na kusema "kwetu ndivyo ilivyo," huo si utamaduni wa kuelewa, ni dhambi na ni kosa la jinai. Mama anayepigwa, au mtoto anayeumizwa, asiambiwe na mshirika yeyote arudi akavumilie kimya. Aende mahali salama, hospitali, polisi, na aje kwa wazee wa kanisa wasimame naye. Nambari ya simu 1195 ni ya bure nchini Kenya kwa mtu aliye katika hali hiyo. Kusamehe ni kwa Mungu kuamuru. Kurudi chini ya ngumi hakuna aliyekuamuru.

7. YA KUFANYA WIKI HII

Kwanza, tafuta jina la kile kilicho chini. Ukiwaka, jiulize swali la Mungu kwa Kaini: kwa nini? Ni haki imevunjwa, ni aibu, ni njaa, ni uchovu, au ni msiba?

Pili, funga mdomo wako kwa neno "nyinyi". Sema "wewe", sema jina la mtu, sema siku na jambo lenyewe. Kabila lake liache nyumbani. Katika Mathayo 5:22 Bwana wetu alichukua tusi dogo la mtaani la siku zake akalipeleka mahakamani. Haya tunayoitana sokoni kwa utani uliooza, anayasikia.

Tatu, muulize mwenzako lugha ya hasira yake. Mume na mke wa makabila tofauti, fanyeni hivi jioni moja mkiwa na amani: "Kwenu, mtu akikasirika anafanya nini? Nikinyamaza, wewe unasikia nini? Nikipaza sauti, wewe unasikia nini?" Swali hilo moja linaweza kuokoa mwaka mzima.

Nne, mwendee mtu kabla ya machweo, kwa njia anayoweza kuipokea. Wengine wataka uje mwenyewe uso kwa uso, kama Mathayo 18:15. Kwa wengine, mzee akitangulia ndipo mlango unafunguka. Usilazimishe mlango wako uwe wa kila mtu. Na ukienda, usiende mikono mitupu. Abigaili alikwenda na punda.

MASWALI YA KIKUNDI

1. Katika nyumba uliyolelewa, hasira ilionyeshwa vipi? Ulijifunza nini kizuri, na nini cha kuachwa?
2. Taja ishara moja ya hasira ya jirani wa kabila lingine ambayo uliwahi kuielewa vibaya.
3. Wachungaji wa Nabali hawakuwa na kosa. Ni nani leo katika mtaa wako anaweza kulipia kosa ambalo si lake?
4. Kuna manung'uniko gani katika kanisa letu ambayo tumeyakemea kabla ya kuyasikiliza?
5. Nani katika kikundi hiki amepoteza kitu, mifugo, kazi au mtu, na hajawahi kupewa pole? Mpeni pole leo.

MAOMBI

Baba, wewe si mwepesi wa hasira, na ndiyo sababu tuko hai. Roho Mtakatifu aliyeshuka siku ya Pentekoste kila mtu akasikia kwa lugha yake, tusaidie tusikie uchungu wa ndugu zetu kwa lugha yao. Toa nyongo kabla haijapasuka. Ponya wale wanaowaka kwa sababu hawajalia. Linda wanaoishi chini ya ngumi. Inua akina Abigaili katika Bulla Pesa, Kulamawe, Ngaremara na kila kijiji cha Isiolo, wafike kabla ya panga. Na jioni hii, jua likizama, lisitukute bado tumekunja uso. Kwa jina la Yesu. Amina.